KUWAMBA RAKETI YA TENISI: UZI WA KIPANDE KIMOJA AU VIPANDE VIWILI?

Leo tuweke pembeni bei ya ufuta na mambo ya halmashauri. Nataka tuongelee kitu ambacho najua wengine mtasema "huyu naye kaishiwa habari": namna ya kuweka nyuzi kwenye raketi ya tenisi. Jamani msikimbie kwanza. Nimevunja raketi ya mtoto kwa kutojua jambo hili, na sitaki na wewe uvunje ya mwenzio.

Jambo lenyewe ni hili. Raketi inaweza kuwambwa kwa njia mbili. Unaweza kutumia uzi mmoja mrefu mwanzo mpaka mwisho, au ukaukata vipande viwili, kimoja cha nyuzi za wima na kingine cha nyuzi za mlalo. Ukiingia mtandaoni utakuta watu wanabishana kama Simba na Yanga. Huyu anasema kipande kimoja ndo mpango mzima, yule anasema bila viwili hujawamba. Mimi baada ya kuumia nimeona kwamba swali la kwanza si vipande vingapi. Swali la kwanza ni: nyuzi zako za wima zinaishia wapi, kichwani au kooni? Ukishajibu hilo, mengine mengi yanajijibu yenyewe.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2024 mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu hapa Kilwa Masoko. Alikuwa anacheza tenisi kwenye uwanja wa netiboli, na wavu wa katikati ulikuwa kipande cha nyavu kuukuu za wavuvi. Usicheke, mpira ulikuwa hauvuki! Raketi alikuwa nayo moja tu, aliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao. Wakati wa likizo kocha mmoja wa Dar alimwona akicheza, akamwambia aende mwezi wa sita akafanye majaribio.

Mwezi wa tano uzi ukakatika. Siku za kawaida hilo si tatizo. Unaifunga raketi kwenye mfuko, unampa kondakta wa basi, fundi wa Dar anaipokea, na baada ya siku mbili tatu unaisubiri Nangurukuru. Lakini wadau mnakumbuka mwezi ule. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, mvua ikaikata barabara ya Dar kuja Lindi maeneo ya Somanga na kwingineko. Mabasi yakasimama, mizigo ikasimama.

Akaja nyumbani jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona mnyonge?"

"Raketi imekatika uzi. Ile mashine yako si ipo?"

"Ipo. Ila bado sijawamba raketi ya mtu."

"Basi anza na ya kwangu."

Mashine yenyewe nilitumiwa na binamu yangu aliyeko Muscat, ndani ya boksi la nguo na marashi. Ni ile ndogo ya mezani, ya jiwe: kuna fimbo ya chuma yenye jiwe zito, unabana uzi, unaachia fimbo, ikilala sawa na sakafu basi uzi umevutwa kwa uzito uliopanga. Rahisi, haihitaji umeme. Mimi nikajiona fundi tayari.

MANENO KWANZA, TUELEWANE

Sisi watu wa pwani neno tunalo tangu zamani: KUWAMBA. Ngoma inawambwa ngozi, kitanda kinawambwa kamba. Babu yangu aliwamba vitanda vya kamba za makumbi, vile ambavyo wazee kwa utani wanaviita "teremka tukaze", kwa sababu kila baada ya muda mwenye kitanda anaambiwa ateremke ili kamba ikazwe upya. Kuwamba raketi ni kazi ya ukoo huohuo: una fremu, una kamba, unavuta, unafunga.

Nyuzi za wima, zinazotoka kichwani mwa raketi kwenda upande wa mpini, nitaziita MITANDE. Za mlalo, zinazopita juu na chini ya zile za wima, nitaziita MISHINDIO. Ni maneno ya wafumaji wa nguo na yanakaa hapa barabara. Mitande huwekwa kwanza yote, halafu ndipo mishindio inafumwa ndani yake, mmoja juu mmoja chini.

Raketi nyingi za siku hizi zina mitande 16 na mishindio 19. Nyingine zina 18 kwa 20. Hesabu hii huandikwa kwenye fremu yenyewe, angalia karibu na koo. KOO ni pale mikono miwili ya fremu inapokutana juu ya mpini. KICHWA ni upande wa juu kabisa. Pakiti moja ya uzi huwa na mita 12 na kidogo, yaani futi 40, na inatosha raketi moja. Mafundi wanaowamba nyingi hununua roli la mita 200.

Kukaza kunapimwa kwa ratili au kilo. Watu wengi wanawamba kati ya ratili 45 na 60, yaani kama kilo 20 hadi 27 kwa kila uzi mmoja. Sasa piga hesabu. Mitande 16 kila mmoja umevutwa kilo 25, jumla ni kilo 400 zinazovuta kichwa kuelekea kooni! Ndo maana raketi si kitu cha kuchezea chezea kwenye mashine.

NJIA YA KIPANDE KIMOJA

Unachukua uzi wote wa mita 12. Hauukunji nusu kwa nusu. Upande mmoja unaacha mfupi, kama mita tatu na kitu, wa kutosha mitande ya upande mmoja tu na mkia wa kufungia. Upande wa pili unabaki mrefu. Unaanzia katikati ya raketi, mtande mmoja kulia, mmoja kushoto, huku unasonga nje pande zote sawasawa. Usimalize upande mmoja kabla ya mwingine, fremu itakwenda pogo.

Upande mfupi ukimaliza mitande yake minane unafunga fundo. Upande mrefu ukimaliza yake, haufungi. Unageuza uzi uleule na kuanza mishindio mpaka mwisho, ndipo unafunga. Kwa hiyo raketi nzima ina mafundo MAWILI tu.

Uzuri wake: mafundo machache, hakuna haja ya fundo la kuanzia, kazi inakwenda haraka, na mabaki ya uzi ni kidogo. Kama pakiti imebana, kipande kimoja kinakuokoa.

Ubaya wake: huwezi kuchanganya aina mbili za uzi. Halafu kuna ule ubaya mkubwa ulioniumiza mimi, nitaufikia sasa hivi.

NJIA YA VIPANDE VIWILI

Unaukata uzi, kila kipande kama mita sita. Raketi yenye kichwa kikubwa inataka kipande cha mitande kiwe kirefu zaidi kidogo, kwa hiyo pima kabla ya kukata, usikate kwa macho. Cha kwanza unakikunja nusu kwa nusu, unawamba mitande yote, unafunga mafundo mawili. Cha pili unaanza nacho mishindio kutoka upande unaoutaka WEWE, unafunga kingine mwanzo na kingine mwisho. Jumla mafundo MANNE.

Uzuri wake: unaamua mwenyewe mishindio ianzie wapi. Pia unaweza kuweka uzi wa aina moja kwenye mitande na wa aina nyingine kwenye mishindio. Roger Federer kwa miaka mingi alicheza na uzi wa utumbo wa ng'ombe kwenye mitande na uzi wa plastiki ngumu, yaani poliesta, kwenye mishindio. Serena Williams naye alikuwa na mchanganyiko wa namna hiyo. Raketi kama hizo haziwezekani kwa kipande kimoja, lazima viwili.

Ubaya wake: fundo la kuanzia mishindio ni kazi. Ukifunga fundo dogo linavutwa na kupenya kwenye tundu. Inabidi uwe na kibanio cha kuanzia kinachoshika uzi nje ya fremu, ambacho utakitoa baadaye na kufunga fundo la kawaida, au ujue kufunga fundo nene. Na lazima ujue matundu manne ya kufungia yako wapi. Matundu hayo ni mapana kuliko mengine kwa sababu yanapitisha nyuzi mbili. Ukilazimisha kwenye tundu jembamba utatoboa kile kipira cha ndani.

SASA KICHWA NA KOO

Hapa ndo penye mada. Sikilizeni kwa makini.

Mitande 16 maana yake ni minane kila upande. Ukianza katikati kwa kupitisha uzi KICHWANI, mtande wa kwanza unashuka kwenda kooni, wa pili unapanda, wa tatu unashuka... wa nane unaishia kichwani. Vizuri. Ukiendelea na uzi uleule, mishindio yako itaanzia kichwani kushuka kooni.

Lakini fremu nyingine matundu yake yamepangwa ili uanzie KOONI. Hapo mtande wa kwanza unapanda, wa pili unashuka, na wa nane unaishia kooni. Ukiendelea na uzi uleule, mishindio itaanzia kooni kupanda kichwani. Chukua kalamu uchore, utaona.

Kwenye fremu ya mitande 18 hesabu inageuka, kwa sababu ni tisa kila upande. Ukianzia kichwani unaishia kooni.

Sasa kwa nini tujali? Kwa sababu ya ile kilo 400. Mitande ikishakazwa yote, fremu inavutwa kwa urefu, inataka kufupika na kutanuka mbavuni. Mishindio inapoingia, kila mmoja unarudisha mbavu ndani, na fremu inarudi kwenye umbo lake kidogo kidogo. Ukianza kichwani, ile shida yote unaisukuma kuelekea kooni, ambako ndiko fremu ilipo imara zaidi, mikono miwili imekutana pale. Ukianza kooni, unaisukuma kuelekea kichwani, sehemu ambayo haina kitu cha kuishikilia. Ndo maana watengenezaji wengi wa raketi wanaelekeza mishindio ianzie kichwani, na ukifanya kinyume fremu ikapasuka wanaweza kukataa kukulipa.

Babu alikuwa na lake kwenye vitanda. Ukikaza kamba upande mmoja huku mwingine umelegea, mifumbati inakwenda upande na tendegu moja linaning'inia hewani. Nilimsikia akilisema hilo mara mia. Sikulifikiria hata kidogo mbele ya mashine.

NILIVYOHARIBU

Raketi ya mpwa wangu ilikuwa 16 kwa 19, ya kuanzia kooni. Sikuangalia. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kipande kimoja ni rahisi kwa anayejifunza, nikaanza. Nikakaza ratili 58, karibu kilo 26, kwa sababu yeye alipenda ngumu. Mitande ikaisha, uzi ukawa kooni, nikageuza na kuanza kupanda na mishindio. Nilitumia karibu saa tatu. Yeye amekaa kwenye mkeka anashika taa.

Mshindio wa kumi na saba nikasikia KACH! Kidogo tu, kama kuvunja kijiti. Nikadhani ni kibanio kimeteleza. Nikamulika. Ufa mwembamba upande wa kulia wa kichwa, umepita katikati ya matundu mawili.

Sitadanganya kwamba ni ule mwelekeo peke yake. Fremu ilikuwa ya zamani, pengine ilishagongwa chini mara nyingi. Mashine yangu nayo inaishika raketi sehemu mbili tu, kichwani na kooni, wakati mashine kubwa zinashika sehemu sita na mbavu hazitanuki sana. Na ratili 58 kwa fremu ya umri ule ilikuwa ubishi. Lakini nilichukua fremu dhaifu nikaipa mzigo wote kichwani. Vipande viwili vingenipa nafasi ya kuanzia juu.

Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, inagundika?" Nikamwambia haigundiki. Gundi ya fremu iliyopasuka haikai, ukiikaza tena inapasuka palepale.

TUZILINGANISHE SASA

1. USALAMA WA FREMU. Kama mitande inaishia kichwani, njia zote mbili ni sawa, hakuna mshindi. Kama inaishia kooni, vipande viwili vinashinda kwa mbali. Wataalamu wana njia ya katikati, wanaiita "kuzunguka dunia". Unatumia kipande kimoja lakini unauacha mtande wa pembeni bila kuuweka kwanza, unahamia kwenye mishindio ya juu, halafu mtande ule unaumalizia kwa zamu yake. Inafanya kazi, ila kwa anayejifunza ni rahisi kupotea. Mimi mpaka leo naiogopa.

2. MAFUNDO. Mawili kwa manne. Kila fundo linalegeza kidogo uzi ule wa mwisho uliofungwa. Ila nyuzi zenyewe ni za pembeni kabisa, mpira haupigi huko. Kwenye kucheza tofauti hii ni ndogo mno.

3. MUDA. Fundi mzoefu ataokoa dakika chache kwa kipande kimoja. Watu wanasema kwenye kipande kimoja unavuta uzi mrefu zaidi kwenye mishindio. Si kweli sana. Ukishamaliza mitande, uzi uliobaki ni kama mita sita, uleule ambao ungekuwa nao kwa vipande viwili.

4. HISIA MKONONI. Uzi uleule, ukazo uleule, mpigaji wa kawaida hawezi kujua raketi imewambwa kwa njia gani mpaka ahesabu mafundo. Kinachobadilisha hisia ni aina ya uzi, unene wake na ukazo.

5. UKAZO TOFAUTI. Wengine wanapenda mitande iwe na ratili 55 na mishindio 53. Kwa vipande viwili hakuna shida. Kwa kipande kimoja pia inawezekana, unabadilisha mahali jiwe lilipo ukifika kwenye mishindio.

6. MFUKO. Uzi ni pesa ndogo ukilinganisha na fremu. Usiokoe robo mita ya uzi ukapoteza raketi nzima.

IMANI ZISIZO NA KICHWA

"Nikiwamba vipande viwili, uzi ukikatika nabadilisha nusu tu." Hapana! Mitande na mishindio imefumana. Na uzi mmoja ukikatika, upande ule unalegea wakati mwingine bado unavuta kilo 25 kila uzi. Fremu inapindishwa. Dawa ni kukata zote palepale uwanjani. Anza katikati, kata mtande mmoja na mshindio mmoja, toka nje ukizunguka pande zote. Usikate mitande yote kwanza. Na usiiweke ukutani wiki nzima na uzi uliokatika ukisema utaipeleka basi likija. Sisi tuliiweka siku nne kabla sijaigusa, na hilo nalo naliweka kwenye hesabu yangu ya makosa.

"Kipande kimoja kinadumu zaidi." Uzi unakatika kwa sababu mitande inateleza na kujisugua juu ya mishindio kila unapopiga mpira, mpaka inajichonga mfereji. Msuguano huo upo kwa njia zote mbili. Ndo maana karibu kila mara unaokatika ni mtande, tena wa katikati.

"Uzi wa utumbo ndo bora, weka huo." Ni mzuri kweli. Kampuni ya Babolat ya Ufaransa imekuwa ikiutengeneza tangu 1875, na bado unatumika kwa wakubwa. Lakini unanywa unyevu, unavimba na kuchambuka. Kwa upepo wetu wa bahari hapa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, mimi ningeuogopa. Nailoni inatosha kabisa kwa anayeanza. Poliesta ilipata jina baada ya Gustavo Kuerten wa Brazili kushinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1997 akiwa nayo, ila ni ngumu kwa mkono wa mtoto na inalegea mapema.

KAMA UNATAKA KUJARIBU, FUATA HAYA

Kwanza, ijue fremu yako kabla ya kukata uzi wa zamani. Piga picha kwa simu pande zote: uzi umeanzia wapi, matundu gani yamerukwa, mafundo yako wapi. Picha hiyo ndo ramani yako. Kumbuka tu kwamba fundi aliyetangulia anaweza kuwa kama mimi, kwa hiyo linganisha na maelekezo ya mtengenezaji. Mengi yanapatikana mtandaoni, andika jina na namba ya raketi.

Pili, hesabu kwa kidole. Mitande inaishia kichwani? Chagua unayotaka. Inaishia kooni? Kata vipande viwili, anza mishindio kichwani.

Tatu, kama huna kibanio cha kuanzia na hujui fundo nene, jifunze hilo kwanza kwenye raketi mbovu. Nyumba nyingi haikosi raketi moja imetupwa stoo.

Nne, kaza wastani. Fremu ya mtumba usiipeleke ratili 58. Anzia 50. Mpira utaruka zaidi kidogo, mkono hautauma, na fremu itakushukuru.

Tano, usitumie msharasi wa fundi viatu kubania uzi usirudi nyuma. Ncha yake inauchana. Vibanio vipo kwa kazi hiyo.

Sita, ukimaliza usiiache juani wala kwenye bodaboda mchana kutwa. Joto letu linalegeza nyuzi hata kabla hujacheza.

ILIVYOISHIA

Barabara ilipotengenezwa, mpwa wangu alikwenda Dar mwezi wa sita kama alivyoahidiwa. Raketi aliazimwa palepale uwanjani, nzito kuliko aliyoizoea, mpini mnene. Hakuchaguliwa. Aliporudi hakusema ni kwa sababu ya raketi. Alisema, "Wenzangu walikuwa wazuri, mjomba." Lakini mimi nilikuwa nimeisikia ile kach, naijua.

Mwaka 2025 nilimnunulia nyingine ya mtumba. Nilipoifikisha nyumbani kitu cha kwanza alichofanya ni kuhesabu mitande kwa kidole, kisha akafuata ya katikati mpaka pembeni: juu, chini, juu, chini. "Hii inaishia kooni," akasema. Tukakata vipande viwili. Mishindio aliifuma yeye kuanzia kichwani, mimi nikavuta jiwe na kushika taa. Ratili 50. Mpaka naandika haya fremu ni nzima, uzi tumeshabadilisha mara mbili, na raketi mbili za wenzake shuleni zimewambwa kwenye mkeka uleule.

Ile iliyopasuka ipo, nimeitundika ukutani juu ya mashine. Kila raketi ikija naitazama kwanza, halafu nahesabu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama kuna fundi wa Lindi, Mtwara au Dar anayeijua vizuri ile njia ya kuzunguka dunia, atuelekeze hatua kwa hatua hapo chini. Na kama umewahi kupasua fremu ya mtu sema tu, hapa hatuchekani. Nawasilisha.